Kujua Kiingereza hakukufanyi daktari wa ini

Kama wewe ndiye uliyesoma kuliko wengine kwenu, hili unalijua vizuri. Simu inalia saa tatu usiku. Ni shangazi, au mjomba, au jirani wa ushago anayekuita "daktari" kwa sababu tu uko chuo kikuu, hata kama unasomea biashara. Karatasi ya hospitali imepigwa picha, imetumwa kwa WhatsApp, imekunjamana na nusu yake haionekani. "Hebu tuangalilie hapa wamesemaje." Na wewe, badala ya kusema hujui, unavuta picha iwe kubwa, unaingia Google, na baada ya dakika kumi unatoa hukumu.

Nakuandikia kwa sababu nimewahi kutoa hukumu ya aina hiyo, na haikuwa ya kweli. Sikukusudia mabaya. Lakini familia nzima ililipia.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ana miaka 26 na anasoma chuo cha kiufundi. Siku moja watu wa kuchangisha damu walikuja chuoni kwao. Akatoa damu kwa moyo safi, akapewa soda na biskuti, akarudi darasani. Baadaye akapigiwa simu aende amwone daktari: damu yake ilipatikana na hepataitisi B. Usishangae. Damu inayotolewa hupimwa virusi vya Ukimwi, hepataitisi B, hepataitisi C na kaswende kabla ya kuongezewa mgonjwa, na vijana wengi hujua hali yao hapo kwa mara ya kwanza. Yeye hakuwa anaumwa popote. Jumamosi iliyotangulia alikuwa uwanjani akicheza mpira.

Vipimo vya damu vikafuatana kwa miezi. Vimeng'enya vya ini vilikuwa vinapanda na kushuka. Daktari alitaka kujua kama virusi vinaliharibu ini au vimetulia tu. Mashine ya kupima ugumu wa ini haikuwa karibu, ultrasaundi haikusema mengi, kwa hiyo ikaamuliwa afanyiwe biopsi, yaani atolewe kipande kidogo cha ini kikapimwe. Alilazwa chali, mkono wa kulia juu ya kichwa. Akadungwa dawa ya ganzi katikati ya mbavu za kulia, akaambiwa ashike pumzi, na sindano ikaingia na kutoka. Kisha akalalia ubavu wa kulia kwa saa kadhaa huku wauguzi wakimpima presha, wasije wakakosa kuona kama anavuja damu kwa ndani.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, ndani ya bahasha. Karani alimpa dirishani na kumwambia daktari atamwona kliniki ijayo, wiki sita mbele.

Wewe ungeweza kukaa na bahasha hiyo wiki sita bila kuifungua? Hata yeye hakuweza. Aliifungua ndani ya matatu kabla haijatoka stendi. Ulikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza kigumu, na katikati yake herufi na namba: A2, F3. Akapiga picha, akanitumia. Nami nikaona hiyo F3, nikatafuta mtandaoni, nikakutana na maneno "hatua ya tatu" na "ini" yakiwa pamoja, na nikaandika kwa grupu ya familia: "Iko steji ya tatu."

Maneno manne tu. Lakini Mkenya akisikia "steji ya tatu" anasikia kansa. Kabla ya kulala, grupu nyingine ilikuwa imefunguliwa, ya harambee. Shangazi akaanza kuulizia bei ya ng'ombe. Mtu mmoja, na bado sijui ni nani, akampeleka kwa mzee wa mitishamba, akarudi na chupa tatu za maji meusi ya kunywa asubuhi na jioni. Na binamu yangu akaacha kwenda darasani. Nilipompigia simu aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa nini nilipe karo ya kozi ambayo sitaimaliza?"

Wiki sita baadaye daktari alisoma karatasi ileile na kuuliza ni nani aliyewaambia ni saratani. Chini kabisa, mistari michache kabla ya sahihi, iliandikwa wazi kwamba hakuna dalili ya saratani katika kipande kilichopimwa. Hakuna aliyefika hapo. Sote tuliishia kwenye F3. Kisha akaangalia vipimo vipya vya damu. Vimeng'enya vilikuwa vimepanda kuliko mwanzo. Swali lililofuata lilikuwa: "Umekunywa nini?"

Msimamo wangu ni huu. Majibu ya biopsi ya ini ni ushahidi mmoja katika kesi yenye mashahidi wengi, si hukumu. Hayafai kupitishwa dirishani kama risiti ya stima, bila mtu wa kuyaeleza. Na sisi vijana, ambao familia zetu hutufanya wakalimani, hatufai kuziba pengo hilo kwa kubahatisha.

Hebu tuanze na kipande chenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Kinachotolewa na sindano ni kama uzi mwembamba wenye urefu wa sentimita moja na nusu au mbili. Madaktari hukadiria kwamba kipande hicho ni sehemu moja kati ya elfu hamsini ya ini lote. Fikiria sufuria ya githeri ya harusi, halafu wewe unachota punje moja. Ukipata harage, utasema sufuria nzima ni maharage?

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 124 wa hepataitisi C ambao kila mmoja alitolewa vipande viwili, kimoja upande wa kulia wa ini na kingine upande wa kushoto. Kwa mgonjwa mmoja katika kila watatu hivi, pande hizo mbili zilitofautiana kwa angalau hatua moja ya makovu. Kwa asilimia 14.5 yao, upande mmoja ulionyesha sirosisi na mwingine haukufika hapo. Ni mtu yuleyule na ini ni lilelile, ila sindano iliingia mahali tofauti.

Ndiyo maana mwanapatholojia mzuri huandika kwanza ukubwa wa kipande alicholetewa. Kwa kawaida wataalamu hutaka kipande kisipungue sentimita mbili, na kiwe na angalau sehemu 11 ambapo mishipa ya damu na mrija wa nyongo hupita pamoja, kwa kuwa uharibifu mwingi wa hepataitisi huanzia hapo. Kipande kikiwa kifupi au kimevunjikavunjika, makovu yanaweza kuhesabiwa pungufu. Kwa hiyo mstari ule wa kwanza unaotaja milimita, ambao wewe na mimi tunauruka, ndio unaoeleza ni kiasi gani mengine yote yanaweza kuaminika.

Sasa zile herufi. Kipande hutiwa formalini kisioze, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, na kutiwa rangi. Kuna rangi inayofanya makovu yaonekane ya bluu, na nyingine inayoonyesha madini ya chuma yaliyojilundika. Mwanapatholojia huangalia kwa darubini na kujibu maswali mawili tofauti. La kwanza: je, ini linaungua sasa hivi? Hiyo ndiyo A, kutoka 0 hadi 3. La pili: kuungua kwa miaka iliyopita kumeacha makovu kiasi gani? Hiyo ndiyo F, kutoka 0 hadi 4. Ifikirie nyumba iliyoshika moto. A ni moto unaouona ukiwaka, na F ni kuta zilizokwisha kuharibika.

F0 ina maana hakuna makovu. F1, makovu yako kandokando ya ile mishipa tu. F2, yameanza kunyoosha mikono. F3, yamejenga madaraja mengi kutoka mshipa mmoja hadi mwingine. F4 ndiyo sirosisi, makovu yamelizingira ini na kulifanya vinundu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo saratani. Steji za saratani hueleza uvimbe umekua na kusambaa kiasi gani. Steji za makovu hueleza ini limekauka kiasi gani. Ni kama kulinganisha kidato cha tatu na ghorofa ya tatu kwa sababu zote zina tatu.

Na kuna mtego mwingine. Vipimo vya kuhesabia makovu viko vingi. Kile cha herufi F, kinachoitwa Metavir, kinaishia 4. Kingine, cha Ishak, kinaishia 6. Kwa hiyo 3 juu ya 4 na 3 juu ya 6 si kitu kimoja. Halafu kuna mafuta kwenye ini, nayo yana daraja zake kutoka 1 hadi 3, na hizo hazihesabu makovu hata kidogo bali sehemu ya seli zilizojaa mafuta. Mtu anaweza kuwa na mafuta ya daraja la 3 bila kovu lolote. Ukipewa namba bila kuambiwa ni ya kipimo gani, hujapewa kitu, bana.

Sasa nikupeleke kwenye sentensi ambayo huwa mwishoni mwa karatasi nyingi za namna hii. Inashauri kwamba matokeo haya yalinganishwe na hali ya mgonjwa kitabibu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona kama njia ya kukwepa lawama. Kumbe ndiyo sentensi ya maana kuliko zote.

Sababu ni hii. Ini halina njia nyingi za kulia. Likiumizwa na virusi, na dawa, na mitishamba, au likishambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, picha chini ya darubini inaweza kufanana sana. Mwanapatholojia ataona uvimbe, ataona seli zinazokufa, lakini hataona chupa tatu za maji meusi. Hataona kama unatumia dawa za TB, ambazo baadhi yake zinajulikana kuumiza ini. Hataona miraa, ingawa kumekuwa na ripoti za kitabibu, hasa kutoka Uingereza, za watafunaji waliopata ini kuvimba bila sababu nyingine kupatikana. Hayo yote yako mdomoni mwako. Usipoyasema, majibu yanasomwa nusu.

Chukua mfano wa kichocho. Watu wanaoishi Mwea kwenye mashamba ya mpunga, au kando ya Ziwa Victoria, wanakijua. Mayai ya minyoo ya kichocho cha matumbo hukwama kwenye mishipa ya ini na kuizungushia makovu manene, hadi damu inashindwa kupita, wengu linavimba na mtu anaanza kutapika damu. Lakini seli za ini katikati ya makovu hayo mara nyingi huwa nzima kabisa. Sindano ikipita katikati yake, kipande kinaweza kuonekana kizuri huku mwenye ini yuko hatarini. Ultrasaundi nzuri, na daktari anayeuliza "ulikulia wapi?", vinaweza kusema zaidi ya darubini.

Na hata lile neno zuri, "hakuna saratani", lina mpaka wake. Lina maana hakuna saratani katika ule uzi wa sentimita mbili. Mtu mwenye hepataitisi B na makovu mengi bado anahitaji kupigwa ultrasaundi kila miezi sita, kwa sababu uvimbe unaweza kuanzia mahali ambapo sindano haikufika. Hapa Kenya tuna sababu ya ziada ya kuwa macho: sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao Makueni na Kitui. Hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa mara moja. Kidogo kidogo kwa miaka mingi, sumukuvu hiyohiyo huongeza hatari ya saratani ya ini, na kwa mwenye hepataitisi B hatari huwa kubwa zaidi. Hilo nalo haliandikwi kwenye majibu ya biopsi.

Kwa hiyo wapo wanaokosea upande wa pili. Mtu anaambiwa ana F1, anafanya sherehe, na kliniki hakanyagi tena. Lakini biopsi ni picha ya siku moja. Hepataitisi B inaweza kulala miaka mingi na kuamka. Picha ya mwaka jana haiwezi kukuambia ini lako likoje leo.

Basi F3 ya binamu yangu ilikuwa na maana gani? Ilikuwa na maana kwamba hapaswi tena kungoja, aanze dawa. Ni hilo tu, na si jambo dogo. Dawa yenyewe, tenofovia, ni kidonge kimoja kwa siku. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 348 wa hepataitisi B waliotolewa kipande cha ini kabla ya kuanza tenofovia na kingine baada ya miaka mitano. Zaidi ya nusu yao makovu yalikuwa yamepungua. Kati ya 96 walioanza wakiwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena. Rudia kusoma hapo. Watu waliokuwa kwenye F4, hatua ya mwisho kabisa, wengi wao walirudi nyuma. Na mimi nilikuwa nimemzika mtu wa F3 kwa maneno manne.

Kuna jambo moja kuhusu dawa hiyo ambalo ni lazima ulijue kwa sababu litakuja kukuuma. Tenofovia pia ni sehemu ya dawa za ARV. Shangazi alipotafuta jina lake mtandaoni, grupu ya familia ilipata kesi nyingine. Ikabidi daktari aeleze upya kwamba dawa moja hutumika kwa virusi viwili tofauti, na kwamba kabla ya kuanza kuitumia peke yake kwa hepataitisi B, mgonjwa hupimwa HIV kwanza ili isije ikatumika vibaya. Hayo yangesemwa siku ya kwanza, yasingezua fitina.

Najua utaniambia nini. Madaktari ni wachache, foleni ni ndefu, wanapatholojia wengi wako miji mikubwa, na huyo karani wa dirishani hakuajiriwa kueleza makovu. Ni kweli. Daktari mwenye wagonjwa sitini asubuhi moja hawezi kufanya semina na kila mmoja. Sitaki kumlaumu mtu anayefanya kazi ya watu watatu.

Lakini sheria haikusema "tukipata nafasi". Katiba, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017, sehemu ya 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake ya afya, na kila inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Karatasi ya Kiingereza cha kitabibu ndani ya bahasha haielezi. Inahamisha mzigo tu, kutoka kwa aliyesomea kwenda kwa asiyesomea.

Na kinachohitajika si pesa nyingi. Siku ya kuchukua majibu na siku ya kumwona daktari ziwe siku moja. Ikishindikana, daktari apige simu ya dakika tano kabla bahasha haijatoka. Majibu yaandikiwe mistari mitatu ya Kiswahili cha kawaida chini yake: tumepata nini, si nini, ufanye nini. Na daktari anayetuma kipande maabara ajaze fomu yake vizuri, maana fomu yenye jina na umri tu inamfanya mwanapatholojia abahatishe kama nilivyobahatisha mimi, tofauti ikiwa tu yeye ana darubini. Wiki sita za binamu yangu nje ya darasa, chupa tatu za mitishamba na ng'ombe aliyekaribia kuuzwa ni gharama kubwa kuliko simu ya dakika tano.

Utauliza tena: nikikataa kusoma, nani atawasaidia? Shangazi hajui Kiingereza, na daktari hayuko hadi wiki sita. Sikuambii ukatae kusaidia. Nakuambia ubadilishe kazi. Badala ya kuwa daktari wa familia, kuwa yule anayeandamana na mgonjwa hadi chumba cha daktari akiwa na maswali kwenye daftari. Haya hapa yangu, yachukue.

Kabla ya sindano, uliza: biopsi hii itabadilisha nini kwenye matibabu? Siku hizi wengi hawaihitaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2024 umepanua idadi ya wenye hepataitisi B wanaofaa kuanza dawa, na unaruhusu kutumia hesabu rahisi ya APRI, inayotumia kimeng'enya kimoja cha ini na idadi ya chembechembe za kugandisha damu. Biopsi ina nafasi yake, hasa vipimo vinapopingana au daktari anaposhuku ugonjwa zaidi ya mmoja. Lakini ina maumivu, na kwa nadra huleta kuvuja damu. Si kosa kuuliza sababu.

Baada ya majibu, uliza: kipande kilikuwa kikubwa vya kutosha? Namba hii ni ya kipimo gani, na inaishia ngapi? Inahesabu moto, makovu au mafuta? Yanalingana na vipimo vya damu na ultrasaundi, na kama hayalingani, tunaamini kipi na kwa nini? Kuna jambo ambalo sijakuambia, dawa, mitishamba, pombe, miraa, linaloweza kubadilisha maana yake? Na la mwisho: sasa tunafanya nini, na tunarudi lini?

Daktari mzuri hataudhika na maswali hayo. Yule wetu alivuta kiti, akachora ini nyuma ya karatasi kwa biro, akachora madaraja, akasema, "Hapa ndipo tulipo, na huku ndiko tunataka kurudi." Ilichukua dakika nane. Niliangalia saa.

Kabla sijakuacha, swali kwako binafsi. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya hepataitisi B mwaka 2001, ikiwa ndani ya chanjo ya pamoja ya magonjwa matano. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, kuna uwezekano mkubwa hukuipata. Virusi hivi hupitia damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Havipitii kwenye sahani wala kikombe, kwa hiyo usimtengee ndugu yako vyombo. Nenda upimwe. Ukiwa huna, chanjwa. Ukiwa navyo, bora ujue ukiwa F0 kuliko ukiwa F3.

Binamu yangu alirudi chuoni muhula uliofuata, nyuma ya wenzake kwa muhula mmoja. Vimeng'enya vilishuka baada ya kuacha ile mitishamba na kuanza dawa. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Ile grupu ya harambee bado iko kwa simu yangu. Sijatoka, na hakuna anayeandika humo.

Simu italia tena, kwako au kwangu. Picha ya karatasi itatumwa. Ikifika, jibu hivi: "Sijui kuisoma hii. Kliniki ni lini? Nitakusindikiza."